Sauti ya Longino Ilitutangulia Muyinga

Ukifika Giheta siku ya soko, usiulize Longino yuko wapi. Simama tu, sikiliza. Ukisikia mtu mmoja anabishana na watu sita kuhusu beki wa kushoto, na mbele yake kuna baiskeli ya mteja imepinduliwa magurudumu juu, ndio huyo. Ni baba yangu mdogo. Ni fundi baiskeli. Shamba analo pia, la ndizi na viazi, lakini anasema shamba halijibu, na yeye anapenda kujibiwa.

Timu yake ni Tambour ya Gitega. Kwa maoni yake hakuna timu kama hiyo Burundi nzima, na ikifungwa basi ni refa, au ni mvua, au ni huyo beki wa kushoto. Timu za Bujumbura anazihurumia. "Wamezoea kucheza kule chini ziwani, kwenye joto. Walete huku juu kwenye baridi yetu, dakika ya sitini uone wanavyoshika viuno kama mama wajawazito." Kocha wa Tambour anamkosoa kwa sababu anavaa tai. Mtu aliyevaa tai, anasema, anaogopa kupiga kelele, inambana shingo.

Lakini wanaomuumiza kichwa zaidi ni vijana wenye jezi za Ulaya. Siku moja alikuja kijana wa Buraza kuziba pancha, amevaa jezi ya timu ya London. Longino akaacha kazi.

"Eh we, umezaliwa wapi?"

"Buraza."

"Mama yako yuko wapi?"

"Buraza."

"Mbuzi wenu?"

"Si huko huko Buraza, muzee!"

"Sasa hao wa London wanakujua wewe? Ukiugua watakuja kukuona?"

"Kwani Tambour wanakuja kukuona ukiugua?"

"Wawili walishakuja!"

Na kweli walikuja, mi nilikuwepo. Mmoja alikuwa anafuata baiskeli yake, na mwingine alimsindikiza. Lakini walikuja.

Sasa, kama Bujumbura anaihurumia, Ntare ya Muyinga ndiyo anaipiga vita. Jumapili jioni kuna kipindi cha michezo kwenye redio, watu wanapiga simu. Longino hajawahi kukosa. Mtangazaji akisikia "Ni mimi Longino wa Giheta," unasikia anavuta pumzi kabisa. Halafu mvua ya matusi inaanza. "Ntare si maana yake simba? Simba gani? Hiyo ni paka iliyonyeshewa." "Golikipa wao ni kama mlango wa kanisa siku ya Pasaka, hakuna anayezuiwa." "Mwalimu wa magolikipa wao anafundisha nini, kusali?" Halafu watu wa Muyinga nao wanapiga, wamechachamaa, na yeye anasikiliza akicheka peke yake mpaka machozi. Jina lake wanalijua, sauti wanaijua. Uso hawajawahi kuuona.

Mi hayo yote nilikuwa nayaona ni burudani tu, mpaka nilipompata Imelda.

Mi sikai mahali pamoja. Shule niliiacha darasa la kumi, nikauza chaja Gitega, nikafuata maharage Bukirasazi, nikaendesha moto, pikipiki ya mtu, mpaka mwenye moto akachoka na mimi. Mwisho nikawa nasafiri na fuso kufuata mahindi Muyinga. Karibu na soko pale kuna mgahawa, na kwenye mgahawa kulikuwa na msichana anayepakua maharage kama anakufanyia upendeleo. Ndio Imelda. Nikawa nakula hata nikiwa nimeshiba.

Siku moja mteja mmoja pale akaanza kuiga sauti ya mtu: "Ni mimi Longino wa Giheta!" Mgahawa wote ukacheka na kutukana kwa pamoja. Mi nikainamia sahani. Baadaye nikamwambia Imelda ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kreti. Kisha kicheko kikakatika.

"Godfrey, mwalimu wa magolikipa wa Ntare unamjua ni nani?"

"Simjui."

"Ni baba mkubwa wangu, Anatoli. Yeye ndiye anasema kwa ajili ya familia yetu. Ukija kuniposa, ndiye utamkuta mbele."

Nikasukuma sahani pembeni.

Na sikuweza kwenda bila Longino. Baba yangu, Sipriani, alifia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kule Mtabila, mi nikiwa mdogo sana. Sura yake naikumbuka kidogo, kisogo chake zaidi, akiwa amenibeba mgongoni. Kambi ilipofungwa tukarudi kwenye mlima wa babu pale Giheta, kwetu mlima ndio kijiji, na aliyenilea ni Longino. Alinilipia shule niliyoiacha, alinigombeza nilipoiacha, akanipa spana. Baba yake Imelda, mzee Nazario, alikuwa ametuma neno moja tu: binti yake haendi kwa mtu asiye na watu. Ananiona kila wiki na fuso, leo yupo, kesho hayupo. Anataka kuona ninatoka wapi. Nisipokwenda na Longino, natoka wapi?

Tukapanga. Msemaji wetu atakuwa mzee Yakobo wa Bukirasazi, ambaye Kirundi chake cha kuposa ni kama asali, anaweza kuomba mke kwa mtu asiye na binti na akapewa. Longino atakaa kwenye kiti cha baba, atatabasamu, na atafunga mdomo. Pembeni yake atakaa Houssein, fundi cherehani wa pale mjini Gitega, aliyenishonea suti na ambaye ni rafiki ya Longino tangu tuliporudi. Kazi yake ni kumfinya.

"Mi nitamufinya vizuri," Houssein akasema. "Lakini we Longino, ukifungua ile mdomo yako, huyu mtoto iko napoteza bibi. Umesikia?"

"Nimesikia. Nitakuwa bubu."

"Bubu kabisa, ee?"

"Bubu mwenye cheti cha hospitali."

Tukatoka Gitega asubuhi kwa gari la shemeji yake Houssein. Njiani Longino hakusema kitu, anafanya mazoezi. Tatizo likatokea Karuzi. Tulisimama kidogo, mzee Yakobo akaona mishikaki ya mbuzi inanukia vizuri, akala. Alikula kwa furaha. Kabla hatujafika Muyinga uso wake ukawa rangi ya majivu, akawa anamwomba dereva asimame, asimame tena, asimame hapo hapo. Tulipoingia kwenye uwanja wa nyumba ya kina Imelda, shitingi ya turubai imetandazwa juu, viti vimepangwa pande mbili, watu wamevaa vizuri, mzee Yakobo alikuwa amelala kiti cha nyuma, anashika tumbo na kuita mama yake.

"Nipeni dakika kidogo," akasema, na macho akafumba.

Hakuna dakika kidogo. Wenyeji walishakaa. Upande wa kwao Anatoli akasimama, mtu mrefu, mikono mikubwa kama majembe, akaanza inavyotakiwa: anajifanya hajui tumekuja kufanya nini. Je, wageni wamepotea njia? Wanatafuta ng'ombe aliyepotea? Karibuni, kaeni, kunyweni, lakini mseme mlichofuata. Hapo msemaji wetu ndiyo anatakiwa kusimama, asifu mlima wao, asifu ng'ombe wao, asifu bia yao, polepole, mpaka afike kwenye binti. Akiruka kimoja, ni aibu.

Kiti cha msemaji wetu kilikuwa kitupu. Nikamwangalia Houssein.

"Mi? Mi si wa ukoo. Watasema mumeokota mutu mujini."

Wa ukoo alikuwa mmoja tu. Longino akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaniangalia kama mtu anayepanda juu ya paa bovu.

Alianza na sauti nyembamba. Si ya kwake, sijui aliitoa wapi, kama mama wa kwaya mwenye mafua. Kirundi chake kilikuwa kinachechemea, maana alikulia kambini, lakini kilitembea. Akasifu mlima wao, kwamba unaona mbali. Watu wakaitika. Akasifu ng'ombe wao aliyefungwa pale, ambaye kusema kweli alikuwa amekonda. Watu wakaitika. Akasifu bia. Houssein akaanza kupumua. Mi pia. Longino naye akaanza kupumua, na hapo ndipo alipoharibu, maana akaona mambo yanakwenda, akapata moto, akanyoosha mkono juu na sauti yake yenyewe ikatoka, yote, ile ya soko la Giheta:

"Na mabinti wenu, jamani, hawana kasoro! Wamekamilika idara zote, ulinzi, kiungo, mpaka mbele!"

Kutoka viti vya nyuma mtu akapiga kelele: "Longino wa Giheta!"

Watu wakageuka wote. Mama mmoja akashika mdomo. Vijana wakaanza kusimama ili wamwone vizuri, ndio huyu, ni mfupi hivi, kumbe ana kipara. Anatoli hakupiga kelele. Aliweka glasi yake chini, taratibu.

"Mgeni, jina lako?"

"Longino."

"Wa wapi?"

Longino akamtafuta mzee Yakobo kwa macho. Mzee Yakobo hakuwepo. "Wa Giheta."

"Mimi ni Anatoli. Nafundisha magolikipa wa Ntare. Juzi ulinitangazia redioni kwamba nawafundisha kusali."

"Ilikuwa... ni lugha ya mpira, kaka."

"Sawa. Hapa pia tunacheza." Akageukia watu. "Mgeni anasifu vya mwenyeji, si ndio? Amesifu mlima, amesifu ng'ombe, amesifu bia. Kuna kitu amekiruka. Bwana Longino, sema mbele ya watu hawa: Ntare ni bora kuliko Tambour. Neno moja tu. Ukishalisema, tutaongea habari ya binti."

Watu wakapiga makofi. Lilikuwa jambo la kucheka, lakini uso wa Anatoli haukuwa unacheka. Mi nikasema moyoni, basi, tumepona, neno moja tu. Houssein akavuta koti la Longino, akamnong'oneza.

"Sema tu, we! Hapa tangu asubuhi kila mutu iko nadanganya. Ile ng'ombe yao umesema iko munene!"

Longino akafungua kifungo cha koti. Jasho likamtoka kwenye kipara. Akaniangalia mimi, na mi nilikuwa namwomba kwa macho, kwa mikono, ningeweza ningepiga magoti.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi?"

"Siwezi, kaka. Nisamehe. Nitasifu kingine chochote. Nitasifu hata barabara yenu."

Mzee Nazario, baba yake Imelda, akasimama. Alichukua kofia yake kwenye magoti, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Nikajua akiingia ndani imeisha, nitarudi kwenye fuso na suti yangu, na Imelda atapakulia watu wengine maharage. Nilitaka kumpiga Longino. Kwa ajili ya mpira! Timu ambayo hata jina langu hailijui!

"Mzee, subiri," Longino akasema. "Naomba niseme kwa Kiswahili. Kirundi changu ni cha kambini, kinaishia kwenye salamu."

Anatoli akamwangalia Nazario. Nazario akasimama pale pale alipofika, mgongo ukiwa kwetu.

"Sema," Anatoli akasema. "Hapa Muyinga Kiswahili tunakijua, Tanzania iko hapo tu."

Longino akakohoa. Safari hii hakunyoosha mkono.

"Sisi tulikimbia vita tukiwa wadogo, mimi na kaka yangu Sipriani, baba yake huyu kijana. Tulipofika kambini hatukuwa na kitu cha kwetu. Watoto wa pale walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi, na kila mmoja anajiita timu ya Tanzania, huyu Simba, huyu Yanga. Kaka akasema, hapana, sisi tuna timu zetu. Tulikuwa na redio ya jirani. Usiku tunasikiliza matokeo ya Burundi, hata hatujawahi kuona uwanja wowote. Mimi nikachukua Tambour, kwa sababu Giheta ni Gitega. Nikafikiri na yeye atachukua Tambour. Akachukua Ntare."

"Kwa nini Ntare?" mtu akauliza.

"Ili tuwe na mtu wa kubishana naye. Aliniambia hivyo: tukiwa wote Tambour tutaongea nini jioni? Basi tukabishana. Tulibishana mpaka tumekuwa wakubwa, mpaka ameoa, mpaka huyu amezaliwa. Alipokuwa mgonjwa nilikuwa namletea matokeo kitandani, Ntare ikishinda nampunguzia bao moja, ananikamata. Halafu akafa, na sisi tukarudi, na mimi nimefika nyumbani nimekuta timu zote mbili zipo, zinacheza kweli, kuna nyasi. Yeye hayupo. Nafanyaje? Napiga simu redioni. Naitukana Ntare kama nilivyokuwa naitukana pale. Mkinijibu, mkikasirika, nasikia kama vile ni yeye." Akajifuta kipara. "Kwa hiyo, kaka Anatoli, nikisema leo Ntare ni bora, Sipriani ameshinda ule ubishi. Ningependa ashinde. Lakini hayupo kunicheka. Nitampa nani huo ushindi?"

Mi hilo nilikuwa silijui. Miaka yote nimekaa naye kwenye nyumba moja, nimeisikia Ntare ikitukanwa asubuhi na jioni, na sikujua kwamba baba yangu alikuwa mtu wa Ntare. Nilikuwa nimekaa pale Muyinga, na watu wote wamevaa vizuri, na nikashindwa kujua niiweke wapi mikono yangu.

Anatoli akamsogelea. "Huyo kaka yako, mlipokuwa mnacheza, alicheza wapi?"

"Golini."

Watu wa Muyinga wakaguna, "Eeee."

"Alikuwa mzuri?"

Houssein akafumba macho. Akamfinya Longino, nikaona kabisa vidole vikiingia kwenye koti.

"Kaka, huyu ni marehemu, lakini kuhusu mpira sidanganyi," Longino akasema. "Alikuwa anaruka mpira ukishapita. Kama mtu anayeaga."

Wa kwanza kucheka alikuwa Anatoli. Alicheka kwa kifua, ile mikono mikubwa ikipiga mapaja, na wengine wakafuata. Nikatazama mlangoni. Mzee Nazario alikuwa bado ametugeuzia mgongo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Hiyo inatibika!" Anatoli akasema, akavuta kiti. "Anayeruka amechelewa ni kwa sababu anaangalia mpira. Hatakiwi kuangalia mpira, anatakiwa kuangalia nyonga ya mpigaji. Kijana wangu wa sasa nimemfundisha hivyo."

"Huyo wako wa sasa anaangalia nyonga ya nani? Mwezi uliopita alifungwa goli la katikati ya uwanja!"

"Lilikuwa jua!"

"Jua! Saa kumi na moja jioni!"

"Jua la Muyinga wewe unalijua?"

Wakaanza. Wakasogezeana viti, wakachukua chupa nne wakazipanga chini zikawa mabeki, kizibo kikawa mpira. Wajomba wa Imelda wakaja kuinamia. Houssein, aliyekuja kuzuia, akasema ile chupa ya kushoto imekaa vibaya. Dereva akasogea. Mi nikabaki peke yangu kwenye viti vyetu na suti yangu, naangalia upande wa wenyeji, na upande wa wenyeji ulikuwa mtupu.

Aliyetuokoa ni mama Martha, shangazi yake Imelda. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama juu ya zile chupa.

"Nyinyi! Mtoto amekaa huko ndani kwenye joto, amefungwa vitambaa, anangoja kuitwa. Mmekuja kuoa chupa? Anatoli, sema ndio au sema hapana, wali unaungua!"

Anatoli akasimama, akajipangusa magoti, akatafuta sura ya heshima. Akamwangalia Nazario. Nazario alikuwa amerudi kwenye kiti chake, kofia kwenye magoti.

"Huyu kijana," Nazario akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake tangu tumefika, "nilisema hana watu. Kumbe anao mpaka wamezidi."

"Basi wageni watalipa faini," Anatoli akasema. "Wameingia kwetu na kutukana golikipa. Kasha moja la bia kwa ajili ya golikipa wangu, na jingine kwa ajili ya jua la Muyinga. Na binti wa watu wa Ntare anakwenda kwa mtoto wa mtu wa Ntare. Siyo Gitega inayomchukua. Bwana Longino, hiyo unakubali?"

Longino akafikiri. Aliifikiria kweli, akaipima kama tairi anayotafuta pancha.

"Hiyo nakubali," akasema. "Sipriani angekubali pia, na angenisimanga mwaka mzima."

Ndipo wakaita. Imelda akatoka na shangazi zake, amevaa imvutano, vazi letu la sherehe, ya rangi ya machungwa, ameinamisha kichwa kama msichana mwenye adabu, na midomo amebana ili asicheke, maana dirisha lilikuwa wazi na kila kitu alikisikia. Anatoli akamuuliza, mbele ya watu, kama anawajua hawa wageni.

"Nawajua."

"Tunywe bia yao?"

"Kunyweni."

Watu wakapiga vigelegele, maana bia ya wageni ikinywewa, posa imekubaliwa. Imelda akaleta glasi, kwanza kwa Longino, akapiga goti kidogo.

"Karibu kwetu, baba. Jumapili mnakuja kucheza hapa. Tunawafunga mawili."

"Mwanangu, na beki ipi hiyo? Yule wenu wa kulia..."

Houssein akamfinya. Imelda akaniletea ya kwangu, na mi nikainywa yote kwa mara moja, nimesimama, kabla Longino hajamaliza ile sentensi.